Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii na Waziri wa Afya: Mhesabuni na anayeuguza

Waheshimiwa Mawaziri,

Mimi ni mke wa mtu na ni muuza mahamri, huku Likoni, Mombasa, ng'ambo ya feri. Nawaandikia nyote wawili barua moja kwa sababu shida yangu ina mguu mmoja katika wizara ya afya na mguu wa pili katika wizara ya ulinzi wa jamii, na sijui niukate upi.

Mume wangu ana miaka 47. Tangu ujana wake alikuwa kuli kwenye maghala upande wa kisiwani, kazi ya kibarua, ya kulipwa jioni kwa magunia uliyobeba. Miaka miwili iliyopita alianza kuvimba uso asubuhi. Tukadhani ni uchovu. Kisha miguu, kisha pumzi ikawa haishuki akilala. Tulipofika hospitali tukaambiwa figo zote mbili zimekwisha, presha ilizila kimyakimya. Tangu siku hiyo anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Nyumbani kwetu wiki haina siku saba tena. Kuna siku za mashine na siku za kungoja mashine.

Naomba mnivumilie nieleze siku ya mashine ilivyo, maana naamini huko juu mnaiona kama namba ya mgonjwa kwenye kompyuta.

Tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Mwenye miguu yake hupanda feri bure, na hilo ni jambo jema kwa watu wa Likoni. Lakini mgonjwa wa figo hawezi kushuka lile teremko na umati ule, asukumwe huku na huku, na mpira wa kusafishia damu umechomekwa shingoni. Asubuhi tungejaribu. Kurudi haiwezekani kabisa, akitoka mashine anatetemeka, presha imeshuka, siku nyingine anatapika. Kwa hivyo ni tuktuk kutoka mlangoni hadi mlangoni, 600 kwenda na kurudi, na huyo ni kijana wa mtaani anayetuonea huruma. Nikimwacha peke yake hatafika, kwa hiyo lazima niende naye. Nimekaa kwenye benchi lile nje ya chumba cha mashine hadi nawajua wake wote wa wagonjwa na waume wote wa wagonjwa. Mmoja alikuwa fundi cherehani. Mwingine alikuwa akiuza samaki Kongowea. Wote husema "nilikuwa". Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeugua, Waheshimiwa, lakini sote tumeacha kazi, au tumebaki na nusu ya kazi.

Hapo ndipo nataka mtazame. Ugonjwa wa mume wangu umewatoa kazini watu wawili, na serikali yangu haijamhesabu hata mmoja wao.

Nitaweka hesabu yangu wazi, ingawa si desturi yetu kuanika mambo ya jikoni. Nilikuwa nikipika mahamri na mbaazi siku sita kwa wiki. Nikitoa unga, mafuta, nazi na makaa, faida ilikuwa kama 500 kwa siku. Sasa napika siku nne, kwa sababu Jumanne na Ijumaa unga hauumuki wenyewe. Hiyo ni 2,000 kwa wiki. Tuktuk ni 1,200 kwa wiki. Inabaki 800. Kwa wiki nne ni 3,200, na kodi ya chumba ni 3,500. Kodi imenishinda kabla sijanunua kibaba cha unga, kabla ya dawa za presha, kabla ya zile sindano za kuongeza damu ambazo mara tunazipata hospitalini na mara tunaandikiwa tukanunue dukani. Tuna watoto watatu. Tunaishi kwa anachotuma shemeji yangu, kwa chama changu ambacho kimenivumilia kupita kiasi, na kwa deni.

Sasa nieleze jinsi nilivyotafuta msaada, kwa sababu sikukaa nyumbani nikalia.

Nilikwenda kuuliza habari za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wasiojiweza pesa kila mwezi. Mtumishi niliyemkuta alinipokea vizuri, akanipa kiti, na simlaumu hata kidogo. Aliniuliza maswali matatu. Je, mzee amefika miaka 70? Hapana, ana 47. Je, nyumba ina mayatima? Hapana, namshukuru Mungu, baba yao yu hai. Je, ana ulemavu mkali, ule wa kuhitaji kuangaliwa mchana na usiku maisha yake yote? Nikanyamaza. Siku ya Jumatano mume wangu anaweza kutembea mpaka msikitini na kurudi. Siku ya Ijumaa jioni namwogesha kama mtoto. Nijibu nini? Yule mtumishi akafunga daftari taratibu, akaniambia, "Mama, hapa milango ni mitatu, na wewe huna hata mmoja."

Maneno hayo sijayasahau, na nimeyafikiria sana usiku. Milango ile mitatu ni ya haki. Mzee wa miaka 70 apewe. Yatima apewe. Mwenye ulemavu mkali apewe, na 2,000 kwa mwezi ni kidogo kwao wote. Lakini wote watatu ni watu ambao hali yao inajulikana na haibadiliki kesho. Ugonjwa hauji hivyo. Ugonjwa humchukua mtu aliyekuwa akijitegemea, mwenye umri wa kufanya kazi, mwenye mke mwenye nguvu, ukawafukarisha wote wawili ndani ya miezi sita, na kwa kuwa kwenye karatasi wanaonekana ni watu wazima wawili wenye nguvu zao, hawaingii popote. Jirani yangu mmoja aliniambia kwa uchungu, wala hakuwa na nia mbaya, kwamba mtoto wangu atasaidiwa akishakuwa yatima. Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi wa Jamii, naomba uisome sentensi hiyo mara mbili. Mpango wa serikali usiwe wa kungoja baba afe ndipo nyumba ionekane.

Wapo watakaosema angekuwa na kazi ya kuandikwa mambo yangekuwa tofauti. Hata hilo nimelitafutia ukweli. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyeugua, kwa uchache, siku 7 za malipo kamili na siku 7 za nusu malipo katika mwaka. Siku 14. Mume wangu siku 14 alizimaliza wodini kabla hajajua ugonjwa wake unaitwaje. Na yeye hakuwa wa kuandikwa, alikuwa wa kubeba na kulipwa, miaka ishirini na zaidi, na hakuna mfuko wowote wa uzeeni wenye jina lake ndani.

Upande wa afya nitasema la haki kwanza. Mashine inalipiwa na SHA, bima ya afya ya serikali. Bila bima hii mume wangu angekuwa kaburini, na sisi wake wa wagonjwa tunaombea kila kilicho chema kwa wahudumu wa chumba kile, wanaofanya kazi kabla ya jua kuchomoza. Kiwango kilichowekwa na SHA kwa kila mara moja ya kusafishwa damu ni shilingi 10,650. Mara mbili kwa wiki ni 21,300. Kwa mwaka inapita milioni 1.1. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu wa nyumba yangu angegharimiwa pesa nyingi hivyo na nchi, na nashukuru kwa moyo wangu wote.

Ila mashine ya 10,650 haimfuati mgonjwa nyumbani. Mgonjwa ndiye anayeifuata, na anaifuata kwa 600. Siku 600 ikikosekana, ile 10,650 nayo haifanyi kazi yoyote. Kiti kinakaa kitupu, na mtu anabaki nyumbani na sumu mwilini mwake. Tumewahi kukosa hivyo. Nawajua wanaotoka mbali kuliko sisi, wa Kinango na wa Lunga Lunga, ambao nauli yao ni maradufu ya yetu, na wanakuja mara moja kwa wiki badala ya mbili, wanajipunguzia uhai wenyewe kwa sababu ya nauli. Daktari huwagombeza. Wanainamisha vichwa. Hawasemi ni nauli, wanaona aibu.

Kisha kuna mchango wa mwaka. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hana haja hata ya kukumbuka. Sisi tusio na mshahara tunakadiriwa uwezo wa nyumba, na kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, lakini tunatakiwa kutoa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 kwa aliye chini kabisa. Kabla ya Oktoba 2024, wakati wa NHIF, bima ile ya zamani, tulikuwa tukilipa 500 kila mwezi. Ilikuwa zaidi kwa hesabu ya mwaka, nakubali, lakini muuza mahamri anaweza kuipata 500. Pesa ya mwaka mzima kwa siku moja hana. Mnajua hivyo, ndiyo maana mkaanzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, mtu akope alipe kidogo kidogo. Kwa mwenye afya ni jambo la kumsaidia. Kwa nyumba ambayo mwezi unaanza na deni la kodi, ni deni juu ya deni.

Mwaka wetu ulikatika siku ya Jumatatu. Sikuwa na habari. Tulifika Jumanne alfajiri, mume wangu akaweka kidole kwenye kifaa cha kumtambua mgonjwa, jina lisikubali. Nilikuwa na 900 kwenye leso. Tukarudi nyumbani na tuktuk ileile. Nilikwenda kwa wanachama, kwa mwenye duka, kwa imamu wetu, nikazipata zile pesa Alhamisi jioni. Lakini usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi mume wangu hakulala. Maji yalikuwa yamempanda kifuani, anakoroma macho wazi, ameketi ukutani kwa sababu akilala anazama. Binti yangu mkubwa, wa Kidato cha Tatu, alimshika mgongo mpaka alfajiri, kisha akavaa sare akaenda shuleni kufanya mtihani. Sitasema ni kosa la mhudumu yeyote. Kila mmoja alifuata utaratibu uliopo, na utaratibu uliopo ndio ninaoulalamikia.

Katiba yetu ya 2010 ina Kifungu cha 43. Wengi wanakijua kwa haki ya afya, chakula na maji. Lakini chini yake kuna ibara ya 3, fupi sana, inayosema kwamba Serikali itawapa hifadhi ya jamii inayofaa watu wasioweza kujikimu wao wenyewe na wanaowategemea. Haikusema wazee tu. Haikusema mayatima tu. Imesema wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea, na mimi nikiisoma naona nyumba yangu imeandikwa pale, mume, mke na watoto. Mwaka 2025 Bunge likapitisha sheria mpya ya ulinzi wa jamii. Kanuni zake zinaandikwa na watu, na watu hao mko juu yao. Kwa hiyo ninayoomba hayahitaji kubadilisha Katiba.

Naomba mlango wa nne. Nyumba ambayo mume au mke ameugua ugonjwa unaomtoa kazini kwa miezi sita au zaidi, kama figo, saratani au kupooza, na mwenzake amelazimika kumuuguza, iingizwe Inua Jamii kwa muda huo. Si lazima iwe ya maisha. Ikaguliwe kila miezi sita. Akipona, akipata figo, akirudi kazini, itolewe, na aliyetolewa atafurahi kuliko mtu yeyote. Afrika Kusini wanayo ruzuku ya muda ya namna hiyo kwa mtu ambaye ugonjwa au ulemavu umemzuia kufanya kazi kati ya miezi 6 na 12, kwa hivyo si ndoto ya nchi tajiri za Ulaya peke yake. Na pesa hiyo iandikwe kwa jina la nyumba, ili anayeuguza naye ajue kwamba kazi yake imeonekana. Mimi siku nne napika na siku mbili nauguza, na usiku wote saba nauguza. Napima maji anayokunywa kwa kikombe. Nachemsha mboga mara mbili na kumwaga maji ili kupunguza madini yanayoumiza moyo wake. Namnyima madafu, mzaliwa wa pwani, kwa sababu dafu moja linaweza kumuua. Kazi hiyo angeifanya muuguzi ingelipwa.

Naomba pia kwamba siku mgonjwa anapoandikiwa mashine au tiba ya saratani, na nyumba yake haina mshahara, mchango wa mwaka wa nyumba hiyo ulipwe na serikali kuanzia siku hiyo. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuwalipia Wakenya milioni 2.2 wasiojiweza. Nilifurahi niliposikia, hata kama mimi simo. Katika hesabu hiyo watiwe kwanza wale ambao kukatika kwa mchango ni kukatika kwa pumzi. Na nauli iwekwe ndani ya malipo ya matibabu, kidogo tu, kwa mwenye mashine. Mnayemlipia milioni 1.1 msimkose kwa ajili ya 600.

Najua jibu la kwanza litakuwa kwamba watu watadanganya, kila mtu atajitia mgonjwa. Kwa wengine sijui, lakini kwa watu wa mashine hofu hiyo haina msingi. Mume wangu huweka kidole chake kwenye kile kifaa kila Jumanne na kila Ijumaa. Bila kidole hakuna mashine. Kwa hivyo serikali inajua, wiki kwa wiki, jina kwa jina, ni nani anasafishwa damu katika Kenya nzima. Hahitajiki mzee wa mtaa wa kumtambua, wala kamati ya kuketi chini ya mwembe kuulizana nani maskini zaidi, wala kufahamiana na mtu. Hakuna mtu atakayekubali kufungwa kwenye mashine ile saa nne nzima ili apate 2,000. Orodha mnayo tayari. Ipo wizara ya afya, na pesa za Inua Jamii zipo wizara ya leba. Ninachoomba ni orodha ile ivuke kutoka wizara moja kwenda ya pili.

Jibu la pili litakuwa hakuna pesa. Hilo siwezi kulijibu kwa takwimu, mimi si mtu wa bajeti. Naweza kusema tu ninachokiona kutoka kwenye benchi. Mgonjwa aliyekosa mashine mara mbili hulazwa, na kulazwa kunalipiwa na mfuko uleule, kwa pesa nyingi kuliko tuktuk. Mke aliyeacha biashara halipi mchango tena, naye anakuwa mzigo wa kulipiwa. Mtoto aliyetoka shuleni kumshika baba yake atarudi kwenu baada ya miaka michache akitafuta kibarua bila cheti. Haya yote yana gharama, na nyingi ya gharama hizo zitawarudia ninyi.

Jamaa zetu wametuchangia. Tumefanya harambee mbili na mchango wa simu usiohesabika. Mara ya kwanza watu walitoa kwa machozi. Mara ya pili walitoa. Mara ya tatu niliona namba zikitoka moja moja kwenye kundi letu la simu, usiku, bila kuaga. Sikuwakasirikia hata mmoja, nao wana wagonjwa wao. Msiba una siku zake na arusi ina siku zake, na watu wetu wanajua kuzibeba. Lakini ugonjwa wa miaka jamaa hawawezi kuubeba peke yao, hata wakipenda vipi.

Watu wengine wamenishauri, kwa sauti ya chini, nirudi kwetu na watoto. Huyu ndiye aliyebeba magunia miaka yote nikalala nimeshiba. Sitamwacha. Nasema hivi ili mjue kwamba siwaombi mchukue kazi yangu. Kuuguza nitauguza. Naomba nisife njaa nikiifanya.

Zile kanuni za sheria mpya zitakapoletwa kwa wananchi kutoa maoni, tafadhali kikao kimoja kifanyike upande huu wa feri, na tutangaziwe mapema misikitini, makanisani na kwenye baraza la chifu. Nitakuja, na nitakuja na wenzangu wa benchi, wale wanaoweza. Isipokuwa kisiwe Jumanne wala Ijumaa. Hizo ni siku za mashine.

Wenu kwa heshima,

Mke wa mgonjwa wa figo,
Likoni, Mombasa